Programu ya ofisi ikiwa nzito, tusikimbilie kulaumu intaneti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kero iliyozoeleka katika ofisi nyingi ndogo hapa Malaba, hasa za mawakala wa forodha. Karani anaandika namba ya kontena, dereva amesimama dirishani na karatasi zake mkononi, na skrini inaganda hadi foleni inaanza kunung'unika. Kwa kawaida meneja huamua kwamba intaneti ni dhaifu, akaongeza malipo ya kila mwezi ili apate kasi kubwa zaidi, na wauzaji wa intaneti hawana sababu ya kumkatalia. Ikiwa kumbukumbu za ofisi zimo kwenye kompyuta iliyo chumba cha pili, fedha hizo hazileti nafuu yoyote, kwa kuwa ombi la karani halitoki nje ya jengo.

Cha kuchunguza kwanza ni faharasa, yaani orodha iliyopangwa inayoionyesha programu kila rekodi ilipo, kama ile ya mwisho wa kitabu. Safu inayotafutwa, yaani sehemu ya jedwali yenye taarifa za aina moja kama namba za kontena, isipokuwa na faharasa, programu hulazimika kusoma rekodi zote moja baada ya nyingine. Ikiwa nayo, eneo la kutafuta huweza kukatwa nusu kwa kila hatua, na kwa njia hiyo rekodi 1,000,000 humalizwa kwa hatua 20 hivi. Hata hivyo, faharasa kuwepo ni jambo moja na kutumika ni jambo jingine. Namba ya kontena ina herufi 4 zinazofuatwa na tarakimu 7, na makarani wenye haraka huandika tarakimu tu. Mtunzi wa programu, kwa nia njema kabisa, huweka mbele ya tarakimu hizo alama ya kukubali herufi zozote, na hapo faharasa iliyopangwa kwa kufuata herufi za mwanzo haifai kitu, sawa na kumtafuta mtu katika orodha ya alfabeti huku unajua silabi ya mwisho tu ya jina lake. Dawa yake ni ndogo: tarakimu ziwekwe katika safu ya peke yake, na safu hiyo ipewe faharasa. Kwa tarehe pia, anayetaka hati za mwaka 2024 asiiagize programu ikokotoe mwaka wa kila rekodi, bali aombe zilizoanzia Januari 1, 2024 hadi kabla ya Januari 1, 2025.

Kisha kuna suala la mahali utafutaji unapofanyika. Ofisi nyingi hutumia faili moja la Microsoft Access, programu ya kutunza kumbukumbu katika majedwali, lililowekwa kwenye folda ya pamoja, na katika mpangilio huo kompyuta inayotunza faili haitafuti chochote; hutoa vipande vya faili tu, na kompyuta ya kila karani ndiyo huchambua. Pasipo faharasa, jedwali zima hupita kwenye waya. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde haubebi zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde, kwa hiyo jedwali la megabaiti 500 hulazimika kuchukua sekunde 40 au zaidi, hata kama makarani wengine wote wamekwenda kula. Swichi ya gigabiti, yaani kifaa cha kasi zaidi cha kuunganisha kompyuta za ofisi, na kebo nzuri zitasaidia, lakini ningependelea ofisi ihamie kwenye seva ya hifadhidata, yaani programu inayotunza kumbukumbu zote na kujibu maombi ya makarani, kama PostgreSQL, isiyo na ada ya leseni, ambamo seva yenyewe hutafuta na kurudisha zile rekodi chache zilizoombwa. Kutumia faili la Access kupitia waifai sikushauri kamwe, kwani mawimbi yakikatika wakati wa kuandika, faili linaweza kuharibika.

Simaanishi kila safu ipewe faharasa. Kila rekodi mpya inapoingizwa, faharasa zote za jedwali hilo husahihishwa pamoja nayo, na ofisi inayoingiza hati kutwa nzima itauona uzito upande huo. Kwamba nakala ya akiba itengenezwe kabla ya kugusa chochote, nadhani hakuhitaji maelezo.

Mwisho ni wauzaji wa programu. Bidhaa huonyeshwa kwa mnunuzi ikiwa na rekodi hamsini, idadi ambayo hata programu mbovu huimudu bila kutoa jasho. Ninaziomba ofisi zinazotaka kununua zidai programu ijaribiwe kwa rekodi zao zote za miaka iliyopita, kwenye mtandao wao wenyewe, makarani wote wakiwa kazini, ndipo watie sahihi.

Fundi wa mitandao ya kompyuta,
Malaba, Tororo