Mheshimiwa Seneta, Januari tuifunge hii kausha damu ya Kentucky

Mheshimiwa Seneta,

Salamu kutoka Louisville, upande wa kusini wa jiji, huku ambako jioni ukiingia duka la vyakula unasikia Kiswahili kila kona. Wengi wetu tulitoka Congo tukapitia kambi za Kigoma, mimi nilikaa Nyarugusu, na leo tuko kwenye maghala na mahoteli, na baadhi yetu tumeshakuwa raia na tunapiga kura. Nakuandikia kuhusu ile mikopo ya wiki mbili ya kusubiria mshahara. Tanzania mikopo ya namna hiyo wanaiita kausha damu na sijaona jina linaloifaa zaidi.

Jumapili iliyopita mama mmoja wa kanisani alikuja kwangu na mfuko wa plastiki umejaa risiti. Gari lake liliharibika mwezi wa pili, na bila gari shifti ya usiku huifiki, so akaingia duka la mikopo akaandika cheki ya dola 300 yenye tarehe ya mbele, akapewa 255 mkononi. Zile 45 ni ada, dola 15 kwa kila 100 ya cheki, ndo sheria yetu inavyoruhusu. Mkataba alisomewa na mwanae wa darasa la nane. Wiki mbili zikiisha anapeleka 300 taslimu, akishalipa hana hela ya kodi ya nyumba, basi palepale dirishani anaandika cheki nyingine anapewa 255 tena. Sheria ya Kentucky hairuhusu mkopeshaji kurefusha deni kwa ada, kwa hiyo kwenye karatasi kila mara ni mkopo mpya, lakini deni ni lilelile!

Tulizipanga risiti mezani moja moja. Zilikuwa 11. Mara 45 ni dola 495, na bado cheki ya 300 iko kwao inasubiri Ijumaa. Mama akaweka kidole kwenye ya mwisho akaniuliza, "Sasa hapa nimelipa nini mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu.

Huyu mama sio mzembe. Utafiti wa 2012 wa Pew, taasisi ya utafiti ya hapa Marekani, ulionyesha mkopaji wa kawaida anakaa kwenye deni hilo miezi mitano kwa mwaka na analipa ada ya dola 520 kwa mkopo wa dola 375, yaani yaliyompata yeye ndo biashara yenyewe inavyoenda. Ukipiga ile 45 juu ya 255 kwa mwaka mzima unapata riba kama ya asilimia 460. Na hapo Fort Knox, kambi ya jeshi, mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwetu, mwanajeshi na mkewe hawaruhusiwi kutozwa zaidi ya asilimia 36, maana Congress ilipitisha sheria ya kuwalinda mwaka 2006. Walijua kabisa mikopo hii inaharibu watu. Sasa huyu anayetandika vitanda hotelini usiku kucha yeye kakosa nini?

Najua utaambiwa maduka yatafungwa na watu watakosa pa kukopa. Angalia jirani zetu ng'ambo ya mto. Ohio walibadilisha sheria yao 2018, gharama zote za mkopo haziruhusiwi kupita asilimia 60 ya ulichokopa, na watu bado wanakopa. Illinois waliweka kikomo cha riba cha asilimia 36 mwaka 2021. Na kama unaogopa chama chako, Nebraska, ambayo sio jimbo la watu wa mrengo wa kushoto hata kidogo, wananchi walipiga kura 2020 kuweka hiyo 36 na zaidi ya asilimia 80 wakasema ndiyo. Sisi Kentucky hatuna njia ya kuipeleka sheria kwenye kura wenyewe, lazima ipite kwenu bungeni Frankfort, na huko muswada wa kuweka kikomo cha asilimia 36 umeshaletwa zaidi ya mara moja ukafia njiani. Ndo maana nakuandikia wewe.

Akina mama wa likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, pale kanisani wamekubaliana zamu ya Agosti apewe yule mama, aliyekuwa anaisubiri kampisha, ili ile cheki ailipe na asiandike nyingine. Nashukuru sana kwa hilo, ila likelemba yetu ina watu 12 tu, na wenye mifuko ya risiti nawajua wengine wanne.

Kikao kinaanza Januari. Naomba uweke jina lako kwenye muswada wa 36 na uusimamie mbele ya kamati mpaka upigiwe kura. Na kabla ya hapo njoo Jumapili moja baada ya ibada, mama yuko tayari kukuonyesha risiti zake, mimi nitatafsiri.

Mpiga kura wako,
Louisville