Njaa ya Mtunya nayo iandikiwe watoto

Mhariri,

Mjukuu wangu wa darasa la sita alinirudishia kitabu nilichomwazima wakati wa likizo, wala hakusema kama ni kizuri au kibaya. Aliuliza tu, "Babu, mtu anasahauje lugha ya mama yake?"

Ni hadithi ya kubuni, ya Kiingereza, lakini imesimama juu ya jambo la kweli: kijiji cha Lidice, katika nchi ambayo leo ni Cheki, kilichofutwa na Wajerumani wa Hitler Juni 1942. Wanaume walipigwa risasi, wanawake wakapelekwa kambini, watoto wengi wakauawa kwa gesi. Wachache walioonekana wanaweza kugeuzwa Wajerumani walipewa wazazi wapya na majina mapya. Baada ya vita walipatikana watoto 17 tu, na wapo waliorudi hawaelewani na mama zao.

Nikamwambia si lazima twende Ulaya. Bibi yangu mzaa baba yalimpata hayohayo, hapa Ugogo.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma Julai 1916. Kabla yao Wajerumani walikuwa wameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Nao Waingereza wakachukua walichokikuta. Mvua ikagoma. Ndipo ikaja njaa tunayoiita Mtunya. Baba yake bibi alivuka naye kwenda Uhehe akamwacha kwenye nyumba moja, akarudi na mtama kichwani. Kule akapewa jina jingine. (Sitaliandika hapa, wala lile la kwanza. Hakupenda yatajwe.)

Baba mtu hakuonekana tena. Miaka ilipopita, mjomba akamfuata. Alimkuta uani anatwanga, akamwita kwa jina la nyumbani, hakugeuka. Akamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa." Msichana akaweka mchi chini, akapiga goti kwa adabu zote, akajibu kwa Kihehe, "Kamwene."

Bibi alinisimulia hayo mwaka 1967 tukipura uwele, na kila akifika kwenye hiyo "Kamwene" alicheka. Mimi sikuwahi kuona kinachochekesha. Alizeeka anazungumza Kigogo kama sisi sote, ila kuhesabu alihesabu Kihehe.

Nimefundisha shule za msingi miaka 34. Rafu zetu zimejaa sungura na fisi, nami siwachukii, lakini hadithi ya mtoto wa Mtunya kwa Kiswahili sijaiona, hata niliposhika basi kwenda kuulizia Dodoma mjini. Muuzaji mmoja alidhani nataka kitabu cha mapishi. Watoto wanaijua Kariakoo kwa mitumba. Kwamba jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo, hakuna anayewaambia.

Wapo wanaosema mambo haya ni mazito kwa watoto. Mjukuu wangu ameyasikia, akala ugali wake na mlenda, kesho yake akaja na swali jingine: yule bibi alipokuwa peke yake, alijiitaje? Sikuwa na jibu. Mwandishi mzuri angelitafuta.

Ninalo daftari la masimulizi ya bibi na ya wazee wengine wawili, wote marehemu. Mwandishi anayelihitaji aje, nitampa bure na chai juu. Sharti langu ni moja: mwisho wa kitabu asiweke maswali ya ufahamu.

Mwalimu mstaafu,
Mpwapwa