Barua kwa wanangu wa Newala, juu ya marehemu Somo na mama yake aliyebaki

Wanangu na wajukuu zangu wa mtaa wetu, mlioko hapa Newala na mlioko Dar es Salaam, Mtwara mjini, Masasi na kwingineko,

Assalaam aleikum kwa wenye kuitikia, na salamu za heri kwa wote.

Wengi wenu niliwapokea kwa mikono yangu hii siku mlipozaliwa, kwa hiyo nitasema nanyi bila kuzunguka.

Juzi tumemaliza arobaini ya Somo. Namwita hivyo kwa sababu tuliitwa jina moja, yeye na mimi, na tangu akiwa binti mdogo hatukuwahi kuitana vingine. Jina lenyewe silitaji hapa. Hakupenda kutajwa hata kwenye orodha ya michango ya msikiti. Mnamjua.

Arobaini ilifana. Watu walijaa mpaka barabarani, wali ulipikwa masufuria manane, na waliotoka Dar walikodi basi zima. Nilisikia mengi mazuri yakisemwa juu yake, na yote yalikuwa kweli. Lakini wakati sahani zinapita, mama yake alikuwa chumba cha nyuma, amelala ubavu wa kushoto, ubavu uleule aliolazwa alfajiri, na adhuhuri ilikuwa imeshapita. Niliingia kumsalimu nikakuta shuka limelowa. Nikafunga mlango, nikamwosha, nikamgeuza. Pale pale, mikono ikiwa bado ina sabuni, niliamua kuwaandikia.

Bi Mkubwa, mama yake Somo, alianguka mwaka 2015, chini ya mkorosho wake mwenyewe, katika siku za kuokota. Upande wa kulia ukapooza na ulimi ukafungwa. Ilikuwa presha, ambayo hakuwahi kuinywea dawa zaidi ya wiki mbili mfululizo. Somo wakati ule alikuwa na meza yake ya vitenge sokoni Mtwara na alikuwa anajitegemea. Akaja kwa wiki moja kumwangalia mama. Meza ile hakurudi kuiona tena.

Hakuna kikao kilichokaa kumchagua. Sisi Wamakonde ukoo wetu hufuata mama, binti hukaa karibu na nyumba ya mama yake, na hilo ni jema. Ila safari hii lilitufaa sana sisi wengine. Kaka walitazama, wajomba walitazama, nasi majirani tukatazama, tukaona binti yupo. Basi kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Nataka mjue alichokuwa anafanya, maana nimeona kwenye arobaini mkisema “alimtunza mama yake” kama mtu anayesema alimwagilia mchicha.

Mgonjwa aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Mchana Somo alihesabu kwa adhana na kwa saa ya ukutani, usiku alitega simu ilie. Saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi. Kwa miaka tisa mwanamke yule hakulala saa tatu mfululizo. Alishona mito midogo ya sufi, akawa anaiweka chini ya mashavu ya miguu ya mama yake ili visigino visiguse godoro. Uji alimlisha akiwa ameketishwa, tena mzito kidogo, kwa sababu maji matupu yalikuwa yanampalia. Akishamlisha, hamlazi mpaka ipite nusu saa. Muda ule alikuwa akimsimulia habari: nani ameoa, nani amerudi kutoka Mtwara, mnada wa jana korosho zimekwenda kwa bei gani. Bi Mkubwa hawezi kujibu, lakini korosho anazijua. Bei ikiwa nzuri alikuwa anamkamata binti yake mkono kwa ule mkono wake mmoja na kuubana.

Katika miaka yote tisa Bi Mkubwa hakupata kidonda hata kimoja mgongoni. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka thelathini na moja, nimeona wagonjwa wenye vidonda vya kuingia ngumi baada ya majuma matatu tu ya kulala. Naomba mlielewe hilo kwa uzito wake.

Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa anatunywesha maji.

Vijana mliozaliwa mabomba yamekwisha fika hamjui maji yalikuwa nini kwenye uwanda huu. Sisi tulikuwa tunatelemka genge usiku wa manane kwenda kuyatafuta bondeni, na kurudi na mtungi kichwani jua limeshapanda. Hata maji ya mradi wa Makonde, yanayosukumwa kwa pampu kutoka Mitema, kuna siku hayafiki. Ndiyo maana mwenye bati huchimba kisima uani, akakisakafia, akakusanya maji ya mvua, na ikifika Septemba au Oktoba, mvua bado iko mbali, maji yale huwa biashara ya ndoo kwa ndoo. Sisemi ni vibaya. Kisima ni gharama.

Somo naye alikuwa anauza. Lakini nyumba yenye mgonjwa, au mzazi aliyejifungua, au msiba, haikulipa kwake, na hukuhitaji kumwomba. Ndoo uliikuta mlangoni, imefunikwa kwa sinia. Alikuwa akiniambia, “Somo, mgonjwa hana msimu wa kiangazi.” Kwa sababu ya shuka za mama yake alijua nyumba ya mgonjwa inamaliza ndoo ngapi kwa siku. Aisifuye mvua imemnyea.

Msimu wa korosho, nyumba nzima zikihamia shambani, wazee hubaki peke yao mitaani na mlango umerudishiwa. Mnajua ninaowasema. Somo alikuwa anapika sufuria moja kubwa la uji, akitia korosho zilizotwangwa zile zilizovunjika wakati wa kubangua, na baada ya kumgeuza mama yake saa nne asubuhi alikuwa na saa mbili zake. Saa mbili hizo hakulala. Alizunguka nyumba nne na kibuyu cha uji. Siku nyingine na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, kwa yule babu asiyependa uji.

Mnakumbuka Aprili 2019, tulipotangaziwa kimbunga Kenneth, shule zikafungwa mkoa mzima na watu wakaambiwa watafute mahali pa usalama. Wenye nyumba za udongo walikwenda kwa nani? Usiku ule kwa Somo tulilala watu kumi na saba, mimi nikiwa mmoja wao. Bi Mkubwa alikuwa katikati yetu, chumba cha ndani, mbali na dirisha. Kimbunga kilipiga ng'ambo ya Ruvuma, kikawaumiza ndugu zetu wa Cabo Delgado kule Msumbiji, sisi tukanusurika. Asubuhi watu wakatoka wakashukuru. Yeye alikuwa anafua.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Siku ya tatu baada ya maziko tulikuwa tunapanga nguo zake. Ndani ya mfuko wa rambo tulikuta kadi mbili za kliniki. Ya mama ilikuwa imejaa, kila mwezi pameandikwa, dawa zimechukuliwa, kipimo kimeandikwa. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Presha. Nami sikujua kama anayo. Aliandikiwa tarehe ya kurudi, hakwenda. Akaandikiwa nyingine baada ya miezi mitano, hakwenda. Baada ya hapo karatasi nyeupe, miezi kumi na minne.

Nyumba yangu iko hatua arobaini kutoka kwake. Nilikaa na kadi ile nikakumbuka siku moja aliyopita kibarazani kwangu akaniuliza, “Somo, kesho asubuhi una nafasi?” Nikamjibu kesho nina shughuli ya ukweni. Akasema, “Basi, siku nyingine.” Sikuuliza alitaka nini. Hakurudia kuniomba, na siku ile nyingine sikumpa. Mimi, muuguzi, mwenye mashine ya kupimia presha ndani ya kabati. Nimeliandika hili mbele ya watu ili mtu asidhani nawasema nyinyi nikijitoa mimi.

Aliyemlaza mama yake ubavu wa kulia saa kumi usiku hakuamka saa kumi na mbili kumgeuza. Ndivyo tulivyojua.

Wanangu, nimesikia mara nyingi mkisema pepo ya Somo imo mikononi mwake. Ninaamini hivyo. Lakini naona neno hilo tulilitumia vibaya. Tuligawana kazi: yeye uchovu, sisi dua. Mungu hakutuambia kwamba mtu akishaanza kupata thawabu, wengine wakae wamtazame.

Nyinyi wa Dar mlituma pesa kwa simu, na Somo alinionyesha kila ujumbe kwa shukrani. Pesa zilinunua sabuni na dawa. Hazikumgeuza mgonjwa saa nane usiku. Wenye ajira za mkataba, sheria ya nchi hii inawapa siku 28 za likizo kila mwaka. Katika familia ile wenye ajira ni wanne. Siku 112 hizo, jamani, na sikumbuki mwaka ambao hata saba kati yake zililetwa kwenye chumba cha nyuma. Mlikuja Idi mkakaa sebuleni, na Somo akaongezewa wageni wa kupikia. Siombi zote. Naomba kila mmoja alete wiki moja, na akija avae nguo za kazi.

Kwa wanaume najua mtakalosema, kwamba mwana wa kiume hamwoshi mama yake. Sawa, mila ninaiheshimu. Lakini mila haikumkataza kuchota maji, kufua shuka, kuanika godoro, kwenda hospitali kuchukua dawa, kuokota korosho za mama na kuzifikisha ghalani, wala kukaa kitini kando ya kitanda mchana mzima ili mtu mwingine aende kliniki yake. Kukaa huko tu kungetosha kumrudisha Somo kwenye kadi ile.

Nimesikia pia kwamba kuna aliyependekeza kisima kiwekwe kufuli mpaka urithi ugawanywe. Namwomba aje tuzungumze, mimi na yeye, kabla ya kununua hilo kufuli.

Jumamosi hii baada ya alasiri njooni kibarazani kwangu, wanaume kwa wanawake, niwaonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa kwa shuka, watu wawili wakisaidiana, bila kumvuta ule mkono uliopooza, maana bega huchomoka kwa urahisi. Nitawaonyesha pa kutazama kila siku: makalio, nyonga, visigino, nyuma ya kichwa. Ngozi ikibadilika rangi au ikawa ya moto, hapo hapasuguliwi, hata kama bibi zenu walifanya hivyo. Mgonjwa anaondolewa uzito mahali pale. Kila atakayekuja nitampima presha. Atakayekutwa nayo atameza dawa kila siku hata akijisikia mzima, na siku ya kliniki mtu mwingine atakaa mahali pake. Na wenye wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, nendeni serikali ya mtaa mkaulizie kitambulisho cha matibabu bila malipo. Wengi wana haki nacho na hawajakifuata.

Bi Mkubwa anaendelea. Anakula nusu ya alivyokuwa anakula. Kila mlango unapolia anageuza macho, kisha anayarudisha ukutani. Wekundu umeanza kuonekana kwenye nyonga ya kushoto, wa kwanza katika miaka tisa, na ukishughulikiwa juma hili hautakuwa kidonda.

Nimepanga zamu. Jumatatu na Alhamisi nimechukua mimi, mchana. Jumatano ni ya mkwe wao wa pili, ambaye amekubali bila kubembelezwa, Mungu amlipe. Ijumaa watakuwa mabinti wawili wa nyumba ya kona, na nimezungumza na mwalimu wao. Jumamosi na Jumapili mjukuu aliyeko Masasi atakuwa anapanda basi kuja. Usiku tutamlipa mama mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe, kwa zile pesa zenu za simu, msiziache.

Jumanne bado haina mtu.

Mimi bibi yenu,
Newala