Yaya, kaka yangu mkubwa, aliniita mla wazee kwenye kilio, na sasa mjane ananiita nikachukue gita la pili

Mama Mshauri,

Pole kwa kukuandikia saa hizi. Umeme umerudi usiku wa manane, simu imeshika chaji kidogo, nikaona heri niandike kuliko kuendelea kugeuka-geuka na kumwamsha mke wangu.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo linaloninyima usingizi. Yaya yangu, tumbo moja, alisimama kwenye kilio cha mzee wetu kule Katuba, watu wamekaa mpaka barabarani, bukari, yaani ugali, bado inasongwa, akasema: "Kuna watu hapa wanakula wazee wangali hai." Hakunitaja jina. Hakukuwa na haja. Vichwa vyote viligeuka upande wangu. Mke wangu alikuwa na akina mama nyuma ya nyumba, alisikia. Watoto wa marehemu walisikia. Na mchango wangu wa sanduku ulizidi wa kwake, uliza yeyote aliyeshika daftari siku ile. Hilo hakulisema.

Kazi yangu unaijua, sifanyi kwa kificho. Nanunua magita ya zamani, nayasafisha, yanayohitaji fundi nayapeleka Bel-Air, kisha nauza. Mengi ni ya kawaida tu: Yamaha za Japani zinazofika na bidhaa za mitumba, za Kichina ambazo hata kwaya hazizitaki. Lakini mji huu wa Lubumbashi ulikuwa na pesa zamani, na Wabelgiji wa kampuni ya madini ya Union Minière walileta vyombo vyao. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga na mambo yakaharibika, wengi waliondoka na sanduku moja mkononi. Vitu vilibaki kwa mpishi, kwa dereva, kwa kijana aliyekuwa akipiga muziki kwenye baa ya Kamalondo. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kuingia lupango, ua wa nyumba ya mtu, kule Ruashi ukakuta juu ya kabati chombo ambacho mtu wa Antwerp anakitafuta miaka yote.

Gita la mzee lilikuwa Höfner, la Ujerumani, lenye kifua cha mviringo na matundu mawili kama ya fidla. Mzee mwenyewe ndiye aliyeniita. Nasisitiza hilo. Hakuna aliyemvizia. Daraja lilikuwa limepotea, chuma cha kushikia nyuzi kimeliwa na kutu, na kulikuwa na ufa kuanzia tundu la chini. Alitaka dola 80, nikampa 100. Mtu anayekula wazee anaongeza bei?

Nililiuza dola 1,100. Ndiyo. Sasa toa pesa ya fundi, toa sanduku gumu la kusafirishia, toa ya msafiri aliyelibeba mpaka Brussels, toa ya yule aliyelipokea. Toa na miezi ambayo lilikaa chumbani kwangu huku mvua inapita kwenye mabati na mimi nimelifunika kwa blanketi ya mtoto. Kijana mmoja wa kwaya aliona tangazo langu kwenye simu, akautambua ule ufa, akaisambaza picha pamoja na bei. Bei ya kuuzia wote waliiona.

Mbona siku nilipopata hasara hakuna aliyesimama? Nilinunua Kasumbalesa, mpakani, gita lililoandikwa Fender, jina kubwa la Marekani, kwa pesa ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu, zamu yangu. Nilifika nyumbani nikafungua skrubu nne za shingo, ndani hakuna mhuri wala tarehe, mbao ni za kubandikwa tabaka kwa tabaka, na lile jina la mbele nikalikwaruza kwa ukucha likatoka. Yaya alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu alikopa unga mwezi ule. Mimi ndiye nilikuwa mlaji wakati ule pia?

Yaya anasema mzee alikuwa amemuahidi yeye lile Höfner. Nani alisikia? Ni kweli mzee ndiye aliyemfundisha yaya kupiga, kwa kidole gumba na cha shahada tu, kama Mwenda Jean-Bosco, yule mpiga gita mashuhuri wa Katanga, na wale wa wakati wake. Mimi sikufundishwa, mimi nilikuwa wa kutumwa nyuzi dukani. Lakini ahadi ni jambo moja na pesa ya dawa ni jambo lingine. Kama yaya alilitaka, alikuwa wapi na dola zake 100 wakati mzee anakohoa? Tena mnunuzi aliniuliza kama gita lile liliwahi kushikwa na Mwenda mwenyewe, maana hao wazungu wanajua kwamba Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Ningesema ndiyo, ningeongeza bei nilivyotaka. Nilisema hapana. Nani alisimulia hilo pale kwenye kilio?

Baada ya kuuza nilimpelekea mzee sukari, mafuta na pesa kidogo ya hospitali. Sikumweleza inatoka wapi. Kwa nini nimweleze? Kila mfanyabiashara wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, anamweleza mkulima ameuza muhogo kwa faranga ngapi?

Sasa kuna jambo lingine, dogo tu, ambalo limetokea baada ya kilio. Mama mzee, mjane, aliniita. Si yaya, mimi. Akafunga mlango, akavuta kitu chini ya kitanda kikiwa kimefungwa kwenye shuka. Akasema lile lingine mzee alikuwa halipigi tena tangu vidole vilipokakamaa, na yeye anataka mabati kabla ya mvua za Novemba, na kitu cha kupikia watu siku ya kumaliza kilio. Anataka dola 150. Akasema: "Wewe ndiye mwanangu, hawa wengine watanidanganya."

Mama, nilimulika kwa simu ndani ya tundu. Karatasi ya Gibson, kiwanda cha magita cha Kalamazoo, Marekani. Mikono ilianza kutoka jasho. Nilimwomba nilisafishe kidogo, nikachukua kioo cha kujipambia cha mke wangu nikakiingiza kwenye tundu, nikasoma namba iliyogongwa mgongoni mwa potensiometa, ile ya kupandisha sauti. Tarakimu tatu za mwanzo zilikuwa 134, ni alama ya kiwanda cha Centralab, na inayofuata ni mwaka: 8, yaani 1958. Nikalegeza skrubu za fremu ya pikapu, kile kinasa sauti cha chini ya nyuzi, nikaigeuza. Chini yake kuna kibandiko cheusi chenye maandishi ya rangi ya dhahabu, kinachosema hati ya kulinda uvumbuzi imeombwa. Hizo pikapu Gibson walianza kuzitia mwaka 1957, na watu wanazinunua peke yake, bila gita, kwa maelfu ya dola. Lehemu haijaguswa. Rangi ni ile ya kiwandani, imepasuka nyufa nyembamba jinsi inavyotakiwa kupasuka. Shingo haijavunjika penye kichwa, na hapo ndipo magita ya Gibson huvunjika, na likivunjika hapo bei inaanguka nusu. Niliyarudisha yote kama yalivyokuwa, nikamwambia nitarudi.

Dola 150.

Usinielewe vibaya, pesa hiyo bado si pesa. Ubao wa vidole wa gita la miaka ile ni palisanda ya Brazil, na tangu 1992 mti huo haupiti mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda miti na wanyama adimu, hata ukiwa kwenye chombo cha zamani. Nani atanipa kibali hapa? Nitahangaika kwenye ofisi, kila dirisha na chai yake. Huenda nikakamatwa nalo uwanja wa ndege wakalichukua bure. Hatari yote ni yangu, kwa hiyo faida nayo ingekuwa ya nani?

Nikimwambia Mama mzee bei yake, najua kitakachotokea. Watoto wake watalichukua jioni hiyohiyo. Mkubwa ameshasema anataka kulipaka vanishi mpya liende kwaya, na ukilipaka vanishi umelichoma. Mdogo ataliweka rehani kwa mtu wa kuuza pombe. Mama mzee hatapata mabati wala chochote. Hivyo nikinyamaza nampa mabati, nikisema ukweli namnyima. Hesabu hiyo nimeipiga usiku kucha na kila mara inakubali, lakini nikifumba macho namsikia yaya.

Kuna anayeweza kusema niuze kwa niaba yake, nichukue kamisyo. Nimefikiria. Lakini mabati anataka sasa, na gita kama hili linaweza kukaa mwaka bila mnunuzi wa kweli. Nitatanguliza pesa yangu, halafu wanawe waje kunihesabia mfukoni? Na yaya atasema: angalieni, sasa amekuwa mnadi wa vitu vya marehemu. Mke wangu jana usiku aliniambia nimpe 200 nifunge mdomo. Asubuhi ananiambia hataki pesa hiyo iingie nyumbani kwake. Nimemuuliza ni lipi kati ya hayo mawili, akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Kinachoniuma si gita, nataka uelewe. Mimi na yaya tulilala mkeka mmoja. Baba alipopoteza kazi Gécamines, kampuni ya madini, yaya ndiye aliyeacha shule ili mimi nimalize. Sijasahau. Lakini ndiyo haki yake kunivua nguo mbele ya watu? Angeniita pembeni. Angekuja nyumbani. Tangu siku ile tukikutana kanisani anapita upande wa pili wa madawati, na wanangu wanamuuliza mama yao kwa nini baba mkubwa hawasalimii. Mimi sitaki usuluhishi. Aliyevunja ndiye aunge. Nataka tu aseme kwenye mkutano wa familia kwamba alikosea, mbele ya watu kama alivyosema mbele ya watu, kisha kila mtu akae kwake.

Na hili la mama mzee, sijui hata kwa nini nimekuandikia kwa urefu. Anasubiri jibu langu kabla ya Jumamosi. Ukisema nimwambie bei, niambie pia namwambiaje bila wanawe kusikia, kwa sababu nyumba ile kuta ni za karatasi. Ukisema nisimwambie, sema hivyo wazi, nami nitakuwa na wa kumtaja.

Wazo moja linanijia tena na tena na silipendi. Mtu pekee ambaye wale watoto wanamheshimu, ambaye akisema gita lisiguswe halitaguswa, ni yaya. Akijua bei, atalilinda. Lakini akijua bei atajua pia kwamba niliijua tangu siku ya kwanza na nikatoka bila kusema.

Usiweke jina langu, na toa neno Katuba kama unaweza, yaya anakusoma. Na usiniambie niitishe wazee wa familia, hilo kila mtu ameniambia na sitaki. Au kama hakuna njia nyingine, niambie ni nani anapaswa kufungua mazungumzo, mimi niliye mdogo au yeye aliyetukana.