Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Ahsanteni kwa kufika. Hesabu mtasomewa na mweka hazina, na shughuli za ofisi zimo kwenye makabrasha mliyogawiwa. Mimi nitazungumzia mikataba ya kimataifa ya uvuvi, ambayo mwaka huu imetufikia hadi kwenye vyumba vyetu vya barafu.

Tarehe 15 Septemba 2025 Mkataba wa Ruzuku za Uvuvi wa Shirika la Biashara Duniani ulianza kutumika, baada ya kuridhiwa na thuluthi mbili ya wanachama wake, yaani 111. Ulipitishwa Geneva mwezi Juni 2022, na mazungumzo yake yalichukua zaidi ya miaka 20. Nchi zilizouridhia haziruhusiwi tena kutoa ruzuku kwa uvuvi haramu, wala kwa uvuvi wa bahari kuu usio na taasisi ya kuusimamia. Ruzuku ya kuvua samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi nayo imekatazwa, isipokuwa pale inaposaidia kuwarudisha.

Mkataba ni mzuri, ila kazi ngumu imeachwa kiporo. Meli kubwa inayonunuliwa mafuta kwa fedha za serikali hufika mbali, mahali ambapo bila msaada huo ingerudi na hasara, kisha samaki wake huingia sokoni kwa bei ambayo sisi hatuiwezi. Kanuni za kuzuia ruzuku za namna hiyo bado zinajadiliwa. Zisipokubaliwa ndani ya miaka 4 tangu mkataba uanze kutumika, mkataba wote utakoma, labda Baraza Kuu la shirika hilo liamue vinginevyo. Kamati yenu itaendelea kuzisukuma wizara husika, hata kama barua zetu hujibiwa kwa mwendo wa kobe.

Wapo wanaosema ushirikiano huu ni maneno matupu. Watazame jodari. Samaki huyu hana mpaka, na hakuna nchi inayoweza kumsimamia peke yake, ndiyo maana zipo tume 5 za kikanda zinazoshughulika naye. Kwa tathmini ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliyotolewa Juni 2025, asilimia 87 ya akiba za jodari, yaani makundi yake baharini, zilizochunguzwa zinavuliwa kwa kiwango endelevu. Ukichukua samaki wa baharini wote, asilimia 35.5 ya akiba zinavuliwa kupita kiasi.

Sasa niingie kwenye karatasi, maana huko ndiko tunakoumia. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya haupokei samaki waliovuliwa baharini bila cheti cha uvuvi kilichothibitishwa na nchi ya bendera ya meli, yaani ile ilikosajiliwa. Kuanzia 10 Januari 2026 waagizaji wa huko wanalazimika kupitisha vyeti hivyo kwenye mfumo wa kompyuta uitwao CATCH. Tarakimu zikigongana, zitaonekana mapema.

Mwaka huu kontena la mwenzetu mmoja lilizuiwa kwa sababu ndogo mno. Cheti kilitaja uzito wa samaki mzima, orodha ya kiwanda ikataja uzito wa minofu, na hakuna aliyeambatisha maelezo ya kiasi gani kilipotea kwenye kichwa, mifupa na matumbo. Samaki walikuwa halali kabisa. Umeme wa kontena ulilipiwa kila siku hadi maelezo yalipopatikana, na mnunuzi akaomba apunguziwe bei. Tulipofuatilia, tuliambiwa daftari la nahodha lilijazwa gatini, kwa kukumbuka, baada ya mzigo kushushwa. Kwangu mimi, hilo ndilo tatizo lenyewe. Daftari lijazwe nyavu zikiwa bado na maji.

Kuhusu bandari sina mengi. Mkataba wa kuzuia meli za kigeni zenye samaki haramu kushusha mzigo unatumika tangu 2016. Mwanachama anayenunua kutoka meli ya kigeni aulizie kibali cha kuingia bandarini kabla ya kulipa.

Kamati inapendekeza sehemu ya ada ya mwaka ujao iende kwenye mafunzo ya makarani na manahodha kuhusu vyeti na madaftari. Kura itapigwa leo mchana. Fomu anazo katibu, na wanaotaka watu wao waingie kundi la kwanza waziache kwake kabla mkutano haujafungwa.