Watafiti, pokeeni simu kabla habari haijatoka

Mhariri,

Mwezi Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, wakati wa mvua kubwa. Barabara ya kwenda Narok ilikatika, familia zikabeba vyombo na kuhama, na mahali pengine shimo lilishuka karibu mita 15. Siku chache baadaye picha za ufa ule zilikuwa zimezunguka dunia nzima, zikiwa na maelezo kwamba Afrika inagawanyika mara mbili. Hapa Nakuru watu waliuliza kama ni salama kupanda matatu ya Narok, na hawakuwa na wa kuwajibu.

Kwamba bara hili linatanuka ni kweli. Bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia upande wa mashariki, linaachana na bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya bara, kwa milimita chache tu kila mwaka, na bahari mpya, ikija, itahitaji mamilioni ya miaka. Ila ufa wa Mai Mahiu wanajiolojia wengi walieleza kwa njia nyingine kabisa: maji ya mvua yalipenya chini na kuzoa majivu laini ya volkano yaliyolala pale tangu milima kama Longonot na Suswa ilipolipuka zamani. Udongo wa juu ukabaki hauna wa kuushikilia, ukaporomoka. Wapo waliosema kwamba huenda mpasuko wa kale kwenye miamba ndio uliowapa maji njia. Mjadala huo ulikuwa mzuri, na mwananchi wa kawaida angeuelewa bila shida. Tatizo ni kwamba ulimfikia baada ya yeye kuamini jambo jingine.

Nimefanya kazi ya habari kwa miaka mingi, na naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na watafiti wetu. Saa za mwanzo za habari ndizo zenye uzito. Atakayesema wakati huo ndiye atakayenukuliwa kwa wiki nzima, awe anajua au hajui.

Kila mwandishi wa habari nchini ameshafanya mazungumzo ya namna hii:

"Habari ya asubuhi, Profesa. Naomba dakika tano tu kuhusu huu ufa."

"Andika barua kwa mkurugenzi, uambatanishe maswali yako. Utajibiwa."

Barua inajibiwa Alhamisi. Habari ilishasomwa Jumatatu saa moja jioni, na pengo la profesa lilijazwa na mpita njia mwenye simu ya kamera. Siwalaumu watafiti peke yao. Taasisi nyingi zimewafunga midomo kwa kanuni zinazomtaka mtaalamu mwenye shahada tatu aombe ruhusa ya kueleza kwa nini mvua inabomoa udongo. Wengine waliwahi kuzungumza kwa moyo safi, kesho yake wakakuta kichwa cha habari kinachowaaibisha mbele ya wenzao. Hasira hiyo naielewa. Lakini watafiti wengi hawajui kwamba mwandishi aliyewahoji mara nyingi si yeye aliyeandika kichwa hicho. Kiliandikwa usiku, na mhariri aliyekuwa na nafasi ya maneno sita na hakuwepo kwenye mahojiano. Kwa hiyo mtafiti mwenye busara humpa mwandishi sentensi moja fupi iliyo sahihi, inayoweza kuwa kichwa cha habari yenyewe. Asipoitoa yeye, itatungwa na mtu aliyechoka.

Wapo pia wanaotaka wasomewe makala nzima kabla haijachapishwa. Vyumba vingi vya habari vitakataa, na vina haki ya kukataa, maana leo ni mtafiti na kesho ni waziri. Kitakachokubaliwa na karibu kila mwandishi mwaminifu ni ombi dogo zaidi: "Kabla hujatuma, nipigie unisomee takwimu na maneno uliyoninukuu." Hilo humaliza makosa mengi, na halichukui hata robo saa.

Takwimu zinastahili uangalifu wa pekee. Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyofanyiwa majaribio katika nchi saba za Afrika, pamoja na Kilifi na Siaya hapa kwetu, na Bagamoyo na Korogwe kule Tanzania. Kenya ilianza kuitoa kwa watoto Septemba 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Mtafiti akisema chanjo ina ufanisi wa asilimia 39, mama wa Homa Bay anasikia alama za mtu aliyeanguka mtihani. Akisema kwamba kwa watoto waliopata dozi zote nne, karibu visa vinne katika kila kumi vya malaria vilizuiwa, na kwamba mtoto bado alale ndani ya chandarua, mama huyo huyo anajua la kufanya jioni ile. Kisayansi hakuna kilichopunguzwa. Na tafadhali, kauli hiyo iandaliwe kwa Kiswahili kabla ya mahojiano. Watafiti wetu wamesoma kwa Kiingereza na wanaandika kwa Kiingereza, kisha mbele ya kipaza sauti cha redio wanatafuta maneno ambayo nyumbani kwao huyatumia kila siku. Anayetaka kuona kazi hiyo ikifanywa vizuri akumbuke Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wakati wa kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024. Taarifa zilitoka kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, zikieleza kimbunga kiko wapi, kinaelekea wapi na nani achukue tahadhari. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa kwa muda. Mvuvi hakuhitaji mkalimani.

Narudi Mai Mahiu, kwa sababu ndipo uchungu wangu ulipo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakasomba nyumba na watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya 40 walifariki. Asubuhi ile habari zilisema bwawa limepasuka, na vyombo vikubwa vya nje vikarudia hivyo hivyo. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa: njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba kwa takataka, miti na mawe, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka yakalishinda nguvu. Hadi leo ukiuliza watu, wengi watakwambia ni bwawa.

Na tofauti hiyo inagusa maisha. Mtu anayeamini ni bwawa hujiona salama kama hakuna bwawa juu ya kijiji chake. Anayejua ni njia ya maji iliyoziba chini ya tuta ataangalia kalvati iliyo karibu na nyumba yake, na atampigia chifu kelele mpaka isafishwe. Mhandisi wa maji anayeijua miteremko ile angeweza kusema asubuhi ile ile, hewani: "Hatujathibitisha kama ni bwawa. Tunakwenda kuangalia tuta la reli. Wanaoishi chini ya tuta kama hilo mahali pengine wahame leo." Hakuna kanuni ya sayansi ambayo angeivunja. Kukiri kwamba uchunguzi haujakamilika ni sehemu ya taaluma yake, na msikilizaji humheshimu anayesema hivyo kuliko inavyodhaniwa.

Ombi langu kwa vyuo vikuu na taasisi za utafiti ni moja. Kila msimu wa mvua teueni mtaalamu mmoja wa ardhi na mmoja wa maji, wapeni ruhusa ya maandishi ya kuzungumza bila kusubiri barua, na namba zao mzipeleke kwa wahariri wote, wakiwamo wa redio za kaunti zinazotangaza kwa lugha za mama. Kwako wewe, Mhariri, naomba pia: sababu ya maafa iliyochapishwa ukurasa wa kwanza ikionekana si sahihi, sahihisho liwe ukurasa wa kwanza, si kona ya ukurasa wa 14. Mvua za masika huanza Machi, na namba hizo ziwe mezani kwenu Februari.

Mwandishi wa habari za sayansi,
Nakuru