Shoga yangu, tumemzika Gurumo

Ilala, Dar es Salaam
20 Aprili 2014

Shoga yangu wa tangu utotoni,

Salamu nyingi ziwafikie huko Muscat, wewe, shemeji na watoto. Sisi hatujambo, ila mvua za mwezi huu zimetutesa sana, madaraja mengine yamekatika kabisa. Leo ni Pasaka, jirani zangu wanapika tangu alfajiri, nami nimepata utulivu wa kukuandikia.

Ujumbe wako niliupata Jumapili ileile Mzee Gurumo, mwimbaji wetu wa dansi, alipofariki. Uliniuliza umwelezeje binti yako habari za Gurumo na dansi letu, jambo ambalo sikuweza kulijibu kwa simu. Amekukuta unalia jikoni, akataka kujua mama anamlilia nani. Ukamwekea nyimbo tatu za bendi ya Sikinde, akasikiliza, akasema nzuri, akarudi kwenye simu yake. Usimlaumu, shoga. Wimbo ameusikia, ukumbini hajafika.

Kumbuka sisi wenyewe tulianzaje. Hatukuanzia redioni. Tulianzia kwenye zile Jumapili za mchana, kaka yangu ametushika mikono, tunaingia baa tukiwa watoto kwa sababu kikundi cha sanaa cha Muungano kinaonyesha. Ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza, taarabu, vyote kwa kiingilio kimoja, mpaka jua linazama. Ngoma ya nyoka ilipoanza ulijificha nyuma ya kiti changu, nami nilikuwa nimefumba macho. Watu wazima wanakunywa bia zao, watoto tumekaa chini mbele kabisa, na hakuna aliyeona ajabu. Baadaye kikundi cha TOT kikaja na waimbaji wake Komba na Khadija Kopa, mji ukagawanyika kati yao na Muungano, lakini sisi tulishakuwa wakubwa, tumeshahamia kwenye dansi.

Kuhusu Gurumo mwambie hivi. Alikuwepo NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, ile iliyobadilishwa jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mwaka 1978 akaenda bendi ya Mlimani Park iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza, na mji ukapata mtindo wake wa Sikinde, ngoma ya ukae, jina ambalo bendi yenyewe ikaitwa. Mwaka 1985 akahama tena, yeye na mwimbaji mwenzake Bitchuka na wengine, wakaenda bendi ya Safari Sound kupiga mtindo wa Ndekule. Mwisho akarudi Msondo, na huko ndiko alikostaafu mwaka jana. Unakumbuka mama zetu walivyokuwa wakilizungumza jambo la kuhama kwake, kwa sauti ileile ya kuzungumzia ndoa iliyovunjika? Kaka yangu ni Sikinde damu, na mumewe dada ni Msondo. Siku bendi hizo zikipambanishwa ukumbi wa TCC Chang'ombe, nyumbani hawasalimiani mpaka kesho yake. Simba na Yanga ni hivyohivyo.

Sasa kwa nini ukumbi? Nimelifikiria sana wiki hii. Hatukuwa na kiwanda cha santuri, nyingi zilikuwa zikikatwa Nairobi. Bendi zilirekodi Redio Tanzania, redio ikapiga nchi nzima, watu tukaimba mpaka visimani, lakini pesa ya maana haikurudi kwa mwimbaji. Hata vyombo havikuwa vyake, vilikuwa vya chama, vya shirika, vya tajiri mwenye bendi. Kilichomlisha mwanamuziki ni mshahara na watu waliolipa mlangoni usiku ule. Kwa hiyo kila wimbo ulipimwa palepale, mbele ya wauza samaki, makarani, madereva na wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani. Wakikaa kimya wimbo unaachwa. Wakisimama, unarefushwa. Ndiyo maana nyimbo zile zinatufahamu hivi: tulizitunga pamoja na wanamuziki, sisi kwa miguu yetu.

Na malipo yake? Mzee kaimba zaidi ya miaka hamsini, anastaafu hana hata gari, mpaka kijana Diamond, mwimbaji wa bongo fleva, akamzawadia moja mwaka jana. Nilimshukuru sana yule kijana. Lakini lilinichoma, na bado linanichoma, kwamba ilikuwa zawadi wakati ilipaswa kuwa haki yake.

Mweleze binti usiku wenyewe ulivyo, maana kwenye simu hauonekani. Bendi inaanza taratibu, saa tatu, saa tatu na nusu, meza bado nusu tupu. Wazee hawana haraka. Kisha waimbaji wanajipanga safu moja, wanaanza kutoa kisa: mume aliyesahau alikotoka, ndugu waliogombea nyumba ya marehemu, binti aliyedanganywa. Hapo watu wamekaa. Utaona mama mmoja anatikisa kichwa polepole, ujue kaguswa. Mwingine anainuka bila kusema neno, anakwenda jukwaani, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, anarudi kukaa. Halafu gitaa la solo linageuka, matarumbeta yanaingia kwa pamoja, na kisa chote kile cha huzuni kinachezwa. Kinachezwa hasa! Mtu aliyekuwa akifuta machozi sasa yuko katikati ya ukumbi, viatu mkononi. Hili sijaliona mahali pengine, na ndilo lililokuliza jikoni, hata kama hukulijua.

Kumbi zinapungua, sikufichi. Ule wa karibu na kwetu, tuliokuwa tukisikia tumba zake kitandani, sasa ni ghala la mabati. Vijana wana vigodoro vyao vya kukesha mtaani, wana mchiriku na singeli inayokwenda mbio mpaka moyo unauma, wana bongo fleva. Sina ugomvi nao. Nilisimama kwenye kigodoro kimoja Tandale mwezi wa pili, nikaona watoto wanamjibu mwimba singeli neno kwa neno, nikajisemea hawa nao wameupata ukumbi wao, ila hauna paa. Ninachokiogopa ni wazee wetu kuondoka mmoja mmoja huku tukijidai tumewahifadhi kwenye simu.

Kwa hiyo mlete. Umesema mnakuja Idd, naye ameshatimiza miaka 19, hakuna wa kumzuia mlangoni. Idd Mosi mchana tutawapeleka wadogo zake Mnazi Mmoja wakapande bembea. Idd Pili usiku tunakwenda dansini sisi watatu, kaka yangu atatupeleka, ameshakubali ingawa anasema lazima iwe Sikinde. Usimfundishe kitu kabla, usimwambie ni historia. Akae katikati yetu, anywe soda yake, na simu yake aachiwe mkononi.

Mwambie shemeji udi uliobaki nimeupokea, Mungu ambariki. Na wewe viatu vya visigino viache hukohuko, sakafu ni ya saruji na nakujua, ukishainuka huketi mpaka wafunge vyombo.

Shoga yako wa Ilala